Kilulu cha Tata Kyungu

Tata Kyungu aliketi ukingoni mwa kitanda, kidole juu ya mshipa wa mkono na saa ya chuma juu ya goti, akihesabu mapigo ya moyo wake. Yalikuwa hamsini kwa dakika, kama mashine iliyo kifuani mwake ilivyoamriwa. Lakini asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za mwezi ule, katikati ya mapigo ya halali yalipenya ya haramu: mawili yakikimbizana kama watu waliochelewa misa, kisha kimya kirefu, hata mzee akasahau kuvuta pumzi akingoja pigo lijalo. Lilikuja mwishowe, zito, likamgonga mbavuni kwa ndani. Aliishusha miguu sakafuni akaitazama. Ilikuwa imevimba, na alipoibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale pale.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama saa ya mfukoni, imelala chini ya mtulinga wa kushoto na kuinua ngozi kidogo. Kampuni ilimpeleka Ubelgiji mwaka 1986 kuwekewa, enzi zile kampuni ya migodi ilipokuwa baba na mama wa kila mtu Kolwezi. Siku aliporudi, mkewe Odile alimwekea sikio kifuani, akasikiliza, akasema: "Kuko kilulu humu ndani." Kilulu, kwa Kiswahili cha Katanga, ni mdudu. Jina likanata. Wajukuu walipanga foleni kumgusa babu kilulu chake, na majirani hawakuuliza habari za mgonjwa tena, waliuliza habari za kilulu.

Wakati huo kilipiga mara sabini. Kukipunguza hadi hamsini lilikuwa wazo la Kyungu mwenyewe. Mwaka 1991 askari walipopora miji na Wazungu wakakimbia, daktari wa moyo naye alikwenda, na betri mpya zikawa hadithi za kale. Sasa Kyungu alikuwa ametumikia bohari ya vipuri miaka thelathini, na mtu wa bohari ana imani yake: kitu kisichoagizwa tena hutolewa kwa kijiko. Akamwendea Ndaya, muuguzi pekee aliyefundishwa na daktari yule kuiendesha mashine ya kurekebishia vilulu, akamwomba apunguze mwendo ili betri idumu. Ndaya hakupenda. Alimwambia moyo si bohari. Lakini mgonjwa aling'ang'ania, na mgonjwa alikuwa mzee, basi akampunguzia.

Tangu hapo Kyungu aliishi kwa kipimo. Alipanda ngazi mbili akapumzika. Alilala kwa mito miwili, kisha mitatu, kisha akalala ameketi kama abiria.

Halafu, mwaka uliofuata, lile neno la nyumbani kwake lilikuja kusikika barabarani. Wakubwa walilitamka kwenye mikutano, vijana wakalipokea kwa nyimbo: bilulu watoke Katanga. Bilulu, yaani wadudu, walikuwa watu wa mkoa jirani wa Kasai, pamoja na wana wao na wajukuu wao waliozaliwa papa hapa, katika hospitali hizi hizi. Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga ni watoto wa tumbo moja waliogombana njiani, na Kyungu, ambaye asili yake ilikuwa Kabongo, upande wa Katanga, alilijua hilo vizuri kuliko vijana waliokuwa wakiimba. Hakusema kitu. Nyumbani jina la kilulu likakoma ghafla, wala hakuna aliyeagiza likome.

Siku vijana walipokuja kumtoa nyumbani Mulumba, mwenzake wa bohari, mtu wa Kasai aliyekula naye mkate wa saa nne kwa miaka ishirini na sita, Kyungu alikuwa dirishani. Alimwona Mulumba akisimama uani na redio mkononi, akitazama upande wake. Kyungu alifunga dirisha. Alimwambia Odile kuwa daktari alimkataza mambo ya kushtua. Odile akaendelea kuchambua mchele ule ule uliokwisha kuchambuliwa, na mpaka leo Kyungu alikuwa hajapata mtu wa kumhakikishia kwamba sababu ile ilikuwa ya kweli.

Asubuhi hii Odile aliingia na uji usio na chumvi, akakaa kando yake.

"Bantu banasema treni inaondoka leo," alisema. "Ndaya eko ku gare na benzake ba Kasai, wiki tatu sasa. Akienda, hii moyo yako nani ataitengeneza?"

"Ku gare bataniona, Odile."

"Bakuone."

Alilisema hilo bila kupandisha sauti, akampa fimbo yake, kofia na shati jeupe la Jumapili, lililopigwa pasi. Kyungu akatambua kuwa pasi hiyo ilipigwa jana, yaani mwanamke huyu alikwisha kuamua yeye akiwa bado anahesabu.

Kutoka kambi ya wafanyakazi walikoishi hadi gare, yaani stesheni, ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye afya. Kyungu alitumia saa moja na robo. Alipumzika mara sita, na mara zote sita alijiambia kuwa bado anaweza kugeuka. Hakugeuka, labda kwa sababu kurudi nako kulikuwa mlima.

Stesheni ilikuwa mji ndani ya mji. Watu walikuwa wamelala juu ya mabegi, chini ya mabati, kati ya cherehani na vitanda vilivyofunguliwa vipande. Hapa mama anamsuka mtoto, pale wanaume wanachimba kaburi dogo ng'ambo ya reli, maana surua ilikuwa imekwisha kuwagundua. Ndaya alikuwa chini ya turubai, koti lake la uuguzi likiwa jeupe bado, na hilo tu, katika vumbi lile, lilikuwa ujeuri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Baba yake alikuja kutoka Kasai kuchimba shaba katika mgodi wa Mutoshi kabla ya vita vikuu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha.

Alimshika mzee mkono kabla ya kumsalimu. Alihesabu, akakunja uso.

"Tata, mi nilikwambia."

"Ulisema."

"Haya mapigo ya ovyo unajua inatoka wapi? Unaachia moyo nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Moyo ya mugonjwa ukiiachia nafasi, inaokota kila kitu. Na maji inajaa ku miguu, ku mapafu. Hamsini haikutoshi. Lazima nipandishe."

"Basi nipandishie."

Ndaya alicheka kidogo, bila furaha. "Na nini? Mashine iko ku hospitali. Mi bashanifukuza. Ku mulango kuko kizuizi."

"Twende."

"Tata, batatupiga."

Kyungu alikuwa na jibu la busara, alikuwa nayo mengi, amejilimbikizia maisha mazima. Lakini pumzi yake haikutosha maneno mengi, ikampa mawili tu. "Batupige, basi."

Ndaya aliinuka. Kisha akafunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu, akamwachia dada mmoja chupa za dawa, akampa mzee mkono wake. Waliondoka stesheni katikati ya barabara, saa nne asubuhi, Mkatanga na Mkasai wameshikana mikono. Watu waliwapisha kama wanaopisha maiti.

Langoni mwa hospitali vijana wa kizuizi walikuwa wameweka pipa na ubao. Mkubwa wao alikuwa Kabemba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na Kyungu alimfahamu tangu alipokuwa mwanafunzi wake bohari, asiyejua tofauti ya skrubu na bolti. Nyuma yao ilikuwa foleni ya wagonjwa na jamaa zao, wamebeba sufuria.

"Tata Kyungu, weye pita," alisema Kabemba, akainua ubao nusu. "Yee, apana. Bilulu habaingie humu. Njo sheria." Njo, kwa Kiswahili cha huko, ni ndiyo.

Kwa kawaida hapo ndipo Kyungu angeinamisha kichwa. Alisikia moyo wake ukijikwaa, mapigo mawili ya haraka na shimo refu, na ndani ya shimo lile akaona kwamba kama lijalo halitakuja, neno lake la mwisho duniani litakuwa "sawa, mwanangu". Hasira ikampanda, hasira safi, si kwa Kabemba tu. Alianza kufungua vifungo vya shati la Jumapili, kimoja kimoja, mpaka kovu likaonekana, na chini yake ile nundu.

"Unaona hii?" aliuliza.

Kabemba aliona.

"Unajua ku nyumba yangu tunaiita nini? Kilulu. Miaka saba njo inapigisha moyo yangu. Bila hii kilulu mi niko ku makaburi, na weye ulikunywa chai ku nyumba yangu ukaigusa na kidole yako, ukacheka. Sasa unasema bilulu habaingie. Basi na mi siingie. Ao ingiza mukono, uitoe kwanza, nipite muzuri."

Mwanamke mmoja katika foleni alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Mwingine akakipokea. Kabemba alitazama kovu, akatazama foleni, kisha akatazama ubao ulio mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa. Hakusema pita. Aliuinua tu ubao, akageukia upande wa barabara.

Ndani, muuguzi Elise, mwenyeji wa Katanga, aliwafungulia chumba kwa ufunguo wa mfukoni, akasimama mlangoni kulinda. Mashine ilikuwa sanduku la kijivu lenye mpini, kubwa kama la fundi saa, na waya mrefu wenye kichwa bapa mwishoni. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwapo siku hiyo, shukrani kwa Mungu na kwa maji. Ndaya alimlaza mzee, akaweka kile kichwa bapa juu ya nundu, akasubiri taa ya kijani.

"Tuweke sitini," alisema. "Njo katikati. Betri itadumu miaka tatu, pengine zaidi."

"Katikati nimekaa sana."

"Sabini basi, kama zamani."

"Zamani moyo ilikuwa na nguvu. Leo inataka ngapi, hii ya leo?"

Ndaya alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya mgonjwa. "Sabini na tano itafunga nafasi, mapigo ya ovyo itapungua. Utapumua. Lakini betri itakwisha mbio. Miaka mbili, pengine haifike. Na haitakuponyesha, tata, usinielewe vibaya. Moyo imechoka. Dawa ya kukojoa uendelee, chumvi uache."

Kyungu alikuwa akitazama dari. Alisema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema.

"Siku banatoa Mulumba, nilifunga dirisha. Nilisema ni juu ya moyo."

Ndaya hakuondoa mkono wake. "Ilikuwa juu ya moyo?"

"Sijui. Njo nataka kujua. Weka sabini na tano. Nikifunga dirisha tena, nijue ni mi mwenyewe."

Alibonyeza. Hakukuwa na mlio wala maumivu. Mapigo yalikaribiana tu, kama watu kwenye benchi wanaposogea kumkaribisha mwenzao, na mashimo yakazibwa moja moja. Baada ya dakika chache joto lilimfika vidoleni. Pigo moja la haramu lilijaribu, likakosa pa kupenya. Kyungu alivuta pumzi ikafika chini, mahali ilipokuwa haijafika tangu mwaka jana, na machozi yakamtoka, na hakuyaonea haya.

Alipoketi kufunga shati, aliona karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Ilikuwa na majina tisa, wote wenye vilulu waliorekebishwa na mashine ile. Mawili yalikuwa yamepigwa mstari: marehemu. Sita yalikuwa ya watu wa Kasai. Lililobaki lilikuwa lake.

"Hawa sita beko wapi?"

"Mbili beko ku gare, pamoja na mi," alisema Ndaya. "Ine balienda na treni ya kwanza, Mwene-Ditu, ku Kasai. Kule kuko misheni ya masista, beko na umeme."

"Na hapa, nani anajua kutumia hii sanduku?"

Aliuliza huku akimtazama Elise. Elise alitikisa kichwa. "Hakuna, tata. Daktari alifundisha Ndaya peke yake."

"Basi ikibaki hapa ni kabati."

Kyungu alichomoa waya ukutani, akauviringa vizuri kama alivyowafundisha vijana wa bohari kuviringa nyaya, akaufungia ndani. Ndaya alishika mpini kumzuia.

"Tata, mali ya hospitali. Batakufunga."

"Banajua nyumba yangu."

"Na weye? Hii ikienda, weye utarekebishwa na nini?"

"Nisharekebishwa."

Kisha alifanya jambo lililomchekesha Elise hata akajiziba mdomo. Alichukua karatasi ya dawa juu ya meza, akaigeuza, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa bohari hati ya kutolea kitu: sanduku moja la kijivu pamoja na waya wake, limetoka leo, kwa matumizi. Chini akaweka jina lake lote na sahihi yake yenye mkia. Kwa miaka thelathini hapakutoka hata nati bila karatasi yake. Alikuwa anakwenda kuiba kwa mara ya kwanza maishani, na hakuona sababu ya kuiba bila utaratibu.

Langoni Kabemba alisimama mbele yao. "Ile nini?"

Kyungu alimpa karatasi. Kabemba aliisoma yote, midomo ikichezacheza. Mtu anaweza kubadili bendera, wimbo na rafiki kwa mwaka mmoja, lakini alichofundishwa na bwana wake wa kwanza wa kazi hakimtoki upesi.

"Haina muhuri," alisema.

"Haina."

"Sanduku moja."

"Moja."

Alilitazama sanduku, akahesabu moja. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, kama alivyoitia mara elfu bohari, akaondoka njiani. Mmoja wa vijana alianza kusema neno. Kabemba alimwambia: "Kuko bon," yaani hati ya kutolea ipo. Basi, ikawa imekwisha.

Walifika stesheni kwa nusu saa, Kyungu hakupumzika ila mara moja, na sanduku alilibeba yeye. Treni ilikuwa imeingia. Ilikuwa ya mabehewa ya makaa, na watu walikwisha kuyajaza hadi kingoni, wengine juu ya wengine. Mikono ilimvuta Ndaya juu kwa kwapa. Alipopata pa kuweka mguu, Kyungu alilinyanyua sanduku juu ya kichwa chake, akalisukuma. Ndaya akalikumbatia.

"Tata," alisema kutoka juu, "siku ukichoka, ukitaka kurudi hamsini, nani atakushusha?"

"Hakuna," alisema Kyungu. "Sasa hakuna tena."

Behewa lilitikisika. Ndaya aliinama kadiri alivyoweza, akampa salamu ya kwao, ambayo kwao ni ya kukutana na ya kuagana pia: "Moyo webe, tata." Kwa Kiswahili moyo ni nyama iliyo kifuani. Kwa lugha ya mama yake Ndaya ni uhai wenyewe, na mtu akikusalimu hivyo amekutakia uishi. Tangu nyimbo zilipoanza, salamu hiyo ilikuwa imetoweka Kolwezi. Wenyewe walisalimiana kwa kuinua nyusi, maana kuitamka sokoni kulitosha kukupotezea nyumba. Kwa miaka yote Kyungu alikuwa ameijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mgeni.

"Moyo webe," alijibu.

Alisimama mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye vumbi. Kisha akaanza kurudi, kwa barabara kuu, mkononi fimbo tu. Alitembea kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa imeusahau, na kifua kilimfuata bila kulalamika. Aliogopa. Aliogopa sana, akaona kwamba hofu ni hofu, haikuwa ugonjwa, na mtu anaweza kwenda nayo kama anavyokwenda na fimbo.

Kwenye njia panda ya kambi kulikuwa na kizuizi kingine: gogo, moto wa mahindi, vijana saba au wanane ambao hakuwajua. Walimtazama mzee mwenye shati jeupe, wakamwona ni wa kwao, wakasogea kumpisha. Kyungu hakupita. Alisimama mbele ya gogo, akavua kofia.

"Moyo wenu," alisema, salamu ile ile kwa watu wengi, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

Mahindi yakasahauliwa motoni. Mmoja aliinuka polepole, fimbo mkononi, akiwatazama wenzake ili ajue la kufanya. Ng'ambo, mlango wa nyumba uliokuwa umefungwa ulisogea upana wa jicho. Kyungu alibaki pale pale, kofia kifuani, akingoja waitikie.